Maji ya Kusafishia Mkanda

Swichi ya bafu ilikuwa nje, ukutani, na kila mpangaji aliyepita alikuwa na mazoea ya kuibonyeza. Ndiyo maana binti aliichomoa balbu kabla hajajifungia. Sasa alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, nguo kuukuu zimeziba nyufa za mlango, akipapasa mkanda wa picha gizani, maana mwanga kidogo tu ungeuunguza.

"Umepata mdomo wa gurudumu la kuviringia mkanda?" mjomba wake aliuliza kutoka nje.

"Mjomba, hapa hata pua yangu siioni."

"Basi tuko sawa. Papasa."

Mjomba alikuwa mpiga picha wa mtaa mpaka macho yake yalipoingia ukungu. Mkanda huu ulibaki ndani ya kamera tangu siku bomba la ua wao lilipozinduliwa. Baadaye watu wa idara ya maji walikuja wakaling'oa. Leo asubuhi wapangaji walipokwenda kulalamika, afisa mmoja mwenye pengo kwenye meno ya mbele aliwajibu huku akichezea simu: "Ua ule haujawahi kuwa na bomba. Ombeni upya, mngoje zamu."

Binti hakuwa na mdomo wa kubishana na watu wa ofisini. Lakini njia nzima ya kurudi swali moja lilimwasha: ndani ya ile kamera mna nini?

Swichi ikalia tak! Giza likabaki vilevile.

"Nani kakaa gizani humo?" aliuliza jirani yao, muuza mkaa.

"Ni mimi, mama mkaa. Nasafisha picha."

"Bafuni? Makubwa!"

Mkanda ukajiviringisha kwenye gurudumu, gurudumu likaingia kwenye kopo jeusi, mfuniko ukakazwa. Binti akafungua mlango. Akamimina dawa ya kutoa picha, akaligeuza kopo juu chini kama mjomba alivyomwelekeza, akaimwaga, akatia ya kukazia. Harufu kali kama siki ikampanda puani. Kisha akashika dumu ili asuuze.

Tupu. Maji ya mwisho yalikuwa yametumika kuchanganyia dawa.

"Usiposuuza, dawa itaula mkanda," mjomba alisema polepole. "Utabaki na madoa matupu."

Mama mkaa alilitazama dumu lake, alilolibeba kichwani kutoka mtaa wa pili. "Yaani nimwage maji ya kunywa kwenye kopo la picha?"

"Ni picha ya bomba," binti alisema kwa sauti ndogo.

Mama mkaa akafungua dumu. Kisha akamimina kikombe kimoja. "Kama hamna kitu humo, utanichotea wewe mpaka uote kipara."

Seremala wa chumba cha mwisho akaleta kikombe chake, na mkewe akaongeza sufuria. Maji yaliyotoka kwenye kopo mama mkaa aliyakinga kwa ndoo. Hayo yangefaa kumwagia chooni.

Binti akauinua mkanda juani, ukichuruzika. Kila kitu kilikuwa kinyume: cheupe kimekuwa cheusi, cheusi cheupe.

"Mjomba, watu wote wana meno meusi!"

"Ndivyo mkanda unavyokuwa. Bomba lipo?"

"Lipo. Maji yanatoka meusi kama wino. Na huyu anayeyakinga kwa viganja..." Alisogeza jicho. Katikati ya meno meusi palikuwa na pengo jeupe.

Mama mkaa alichungulia, akapiga kofi. "Si yule wa asubuhi!"

"Anacheka?" mjomba aliuliza.

"Mdomo wote, mjomba."

Binti aliubana mkanda kwenye kamba ya nguo kwa kibanio.

"Ukikauka," alisema, na safari hii sauti haikuwa ndogo, "nampelekea ofisini kwake, akajione."