Naomba Mnisafishie Mama

Kwenye studio yetu neno "kusafisha" lina maana mbili, na mimi nilijificha katikati yake kwa siku tisa.

Fundi, mwenye studio, akisema picha imesafishwa anamaanisha ya zamani: filamu imeingia kwenye dawa, gizani, na sura ikajitokeza yenyewe kwenye karatasi. Mimi nikisema nimesafisha namaanisha kompyuta: nimefuta madoa, nimenyoosha mikunjo. Wateja hawatofautishi. Hata mimi sikuona haja ya kutofautisha, mpaka alipokuja Mama Cherehani.

Nilianza kazi pale nikiwa na binti wa miezi saba na cheti cha masomo ya jioni. Mtoto alilala chini ya kaunta, kwenye boksi la karatasi za picha nililolitandika kanga mbili. Fundi alimwita Meneja, kwa sababu yeye akipiga kelele sote tunasimama.

Kazi yangu ilikuwa picha za zamani za kutengeneza. Vijana wanakuja wanataka waonekane kama babu zao enzi za ujana. Ninaandika maelekezo, akili ya mashine inachora. Mwalimu wetu wa jioni alitufundisha tuiandikie kama tunavyomwelekeza mgeni nyumbani kwetu: usimwambie "ni pale pale," maana pale hapajui. Kwa hiyo siandiki "picha ya zamani." Ninaandika: "Picha ya studio ya miaka ya sitini. Nyeusi na nyeupe, imeanza kugeuka rangi ya chai. Ina punjepunje. Mwanga unatoka dirisha la kushoto. Pazia la nyuma lina mkunjo mmoja. Mtu hatabasamu, ameambiwa asitikisike."

Fundi aliita hiyo kupiga dua.

"Mwalimu, dua imejibiwa?" aliniuliza kila akipita; ndivyo alivyoniita tangu aone cheti changu. "Maana naona umeandika, umefumba macho, unangoja."

Nilicheka naye. Nilikuwa naringa kidogo, sitaficha. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na kitu ambacho watu wanakuja kukiuliza kwa jina langu.

Mama Cherehani alishona sare za shule mlango wa tatu kutoka kwetu. Futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake na kwenye ukosi alichomeka pini, kwa hiyo Meneja hakuruhusiwa kukumbatiwa mpaka zitolewe moja moja. Siku hiyo aliingia na leso iliyofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na kipande cha filamu, urefu wa kidole.

"Mwanangu, nimekikuta chini ya kopo la vifungo la marehemu baba. Dada yangu mkubwa anasema mama alipigwa picha mara moja tu. Ndiyo hii. Naomba mnisafishie mama."

Fundi alikuwa amesafiri kikazi siku tatu. Nilikiinua kile kipande dirishani. Unyevu ulikuwa umekila. Niliona mtu ameketi, kitambaa kichwani, mkono mmoja juu ya goti. Pale penye uso utando wa picha ulikuwa umebanduka wote. Niliona mtaa ng'ambo ya pili.

Nilitakiwa kusema, mama, uso haupo. Maneno matatu. Lakini alikuwa ananiangalia kama binti yangu anavyoangalia kijiko kinavyokuja.

"Alikuwa na sura gani, mama?"

"Nitakumbuka wapi? Nilikuwa wa miaka mitatu. Watu husema nimemrithi paji la uso."

"Basi kaa hapo, nikupige moja ya simu."

"Ya nini tena, na uzee huu?"

"Ya kunisaidia kusafisha."

Uwongo wa kwanza huo, mwembamba kama sindano yake, na ukapenya bila kuuma.

Niliiingiza filamu kwenye kompyuta, nikaandika. "Mwanamke wa miaka ishirini na mitano, mama wa watoto wawili. Ameketi kama kwenye filamu hii. Uso: mchukue mwanamke wa picha ya simu, umrudishe ujanani." Mara ya kwanza akatoka na midomo ya tangazo la sabuni. Nikaongeza: "Punguza urembo. Macho ya mtu aliyeamka mapema. Jicho la kushoto liwe dogo kidogo." Mara ya nne niliondoa mkono kwenye kibodi. Yule mwanamke aliniangalia kama mtu aliyeitwa kutoka jikoni, anayetaka kujua ameitiwa nini.

Kesho yake Mama Cherehani alikuja mapema.

"Mmesafisha?"

"Nimesafisha, mama."

Aliigeuza picha kwenye mwanga wa mlango, kama anavyokagua mshono. Nilisubiri machozi, hayakuja. Alisema kwa sauti ndogo, na hakuwa anasema nami: "Kumbe ulikuwa mtoto hivi. Mbona mimi nimekuzidi mara mbili na zaidi!"

Aliitundika juu ya cherehani. Kila mteja alionyeshwa. Nikipita aliita mtaa mzima usikie: "Huyo! Huyo ndiye aliyenirudishia mama!" Nikaanza kuzungukia nyuma, kwenye matope ya muuza mkaa, mtoto mgongoni, nikijiambia ni njia ya mkato. Siku moja nilimsikia kabla sijageuka kona. Alikuwa anaiuliza picha kama ukosi wa gauni fulani ukae wima au ulale. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, ulale."

Fundi aliporudi alikwenda kumsalimia. Alirudi bila utani wake.

"Mwalimu. Ile filamu nimeikuta kwenye droo. Uso umetoka wapi?"

"Nilipiga dua."

Hakucheka. "Umemwambia?"

"Nimemwambia nimesafisha."

"Kusafisha kupi?"

Nilijifanya ninamfunika Meneja, ambaye alikuwa amefunikwa tayari.

"Dada yake anakuja Jumamosi kuiona," Fundi alisema. "Yule mama yao alifariki dada akiwa na miaka kumi na mmoja. Huyo anakumbuka."

Nilikwenda mara tatu kusema. Mara ya kwanza alikuwa na wateja. Mara ya pili hakuwa na mteja hata mmoja, nikaomba nishonewe kifungo ambacho hakikuwa kimelegea. Mara ya tatu alikuwa amenunua fremu. Mwanamke mzima, nina mtoto, nina cheti, na sentensi moja ilinishinda.

Jumamosi niliitwa kwa Mama Cherehani. Dada mtu alikuwa mrefu, mkoba umebanwa kwapani, miwani inaning'inia kwa uzi. Aliivaa miwani, akaishika fremu kwa mikono miwili.

"Enhe, dada?" Mama Cherehani alikuwa amesimama kwa ncha za vidole. "Ndiye?"

Dada aliiweka fremu juu ya cherehani. "Miaka mingi imepita," akasema. "Kuna maji ya kunywa hapa?"

Nilikimbilia uani yalipo maji. Alinifuata.

"Wewe ndiye uliyeitengeneza?"

"Ndiyo, mama."

"Huyu ni mdogo wangu. Huyu ni yeye wiki aliyoolewa, nilipomsuka nywele mimi mwenyewe. Mama yetu alikuwa na uso mrefu, na cheko lake lilikuwa upande mmoja." Aliipokea bilauri, hakunywa. "Sasa nirudi mle niseme nini? Uwongo umeutunga wewe, mbona unanikabidhi mimi?"

Nilitangulia kuingia. Meneja alikuwa mgongoni, ananivuta sikio.

"Mama," nilisema, "sikusafisha. Niliandika."

"Uliandika nini?"

"Filamu haikuwa na uso. Nilichukua wa kwako nikaiambia mashine ikurudishe ujanani. Niliandika mama yako. Nilipaswa kukwambia siku ile ile. Nilisema nimesafisha kwa sababu neno lilikuwa pale, na wewe ulikuwa umeshafurahi."

Mguu wake ulikuwa kwenye pedali ya cherehani. Gurudumu likazunguka taratibu, likasimama.

"Kwa hiyo siku zote hizi," alisema, "ninajiomba ushauri mwenyewe."

"Ndiyo maana ulikuwa unakubaliwa," dada yake akasema mlangoni. Ilimtoka tu. Akajiziba mdomo.

Mama Cherehani hakucheka. Alianza kuchomoa pini kwenye ukosi, moja moja, kama anavyofanya kabla ya kumpakata binti yangu. Nikasogea nimgeuzie mtoto. Zilipokwisha akazichomeka kwenye mto wa pini, akasema, "Nenda, mwanangu." Mtoto hakumgusa.

Nilimweleza Fundi yote, na sikumficha hata kile kifungo. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Jumatatu alihamisha maboksi yaliyojaa chumba cha giza, akakoroga dawa kwenye trei za zamani, akaniita nishike taa nyekundu. Hapakuwa na cha kuandika. Tulisimama bega kwa bega tukiangalia karatasi tupu ndani ya maji. Ukatoka mkunjo wa gauni. Ukatoka mkono. Kitambaa cha kichwani kikatoka nusu, na chini yake, pale uso ulipoliwa na unyevu, pakawa peusi tii.

"Ndiyo hiyo," Fundi akasema. "Kilichokuwepo ndicho kimetoka."

Walikuja wote wawili mchana. Fundi aliiweka picha kwenye kaunta, bado ina ubaridi. Mama Cherehani aliangalia lile doa jeusi, akaangalia pembeni. Dada yake ndiye aliyeinama, akavaa miwani, akaweka ukucha juu ya goti.

"Kidole hiki," akasema. "Kidogo hiki kilichopinda. Kilibanwa na mlango kabla sijazaliwa. Alikuwa ananishika sikio nacho, mie! Nilikuwa nakijua hata gizani."

Mama Cherehani aliweka mkono wake kando ya ule wa kwenye picha. Wakakaa hivyo. Mimi nilitazama sakafu, na boksi la Meneja, na vidole vya miguu yangu.

Halafu Mama Cherehani akatoa ile picha ya mashine kwenye mfuko, bila fremu. Nilidhani ataichana, na nilitamani.

"Igeuze. Andika nyuma yote uliyoiambia mashine. Usiruke."

Niliandika kwa penseli. Aliniamuru nisome kwa sauti. Nikasoma, Fundi anasikia, dada anasikia, mteja aliyeingia kuulizia picha za pasipoti naye anasikia. Nilipofika kwenye macho ya mtu aliyeamka mapema, akanikatiza.

"Hilo ulilijuaje?"

"Nilikuangalia wewe, mama."

Aliichukua, akaiweka mfukoni. Meneja aliamka, akaanza kumnyooshea mikono kutoka kwenye boksi. Mama Cherehani alimshika kidole kimoja, kwa ncha tu. Kisha akaonyesha kwa kidevu ile picha ya mkono iliyobaki kaunta.

"Na hii? Imesafishwa?"

"Imesafishwa, mama."

"Kusafisha kupi?"

"Kwa dawa. Gizani. Sikuandika neno."

Alinitazama, akamgeukia Fundi. Fundi akaitikia kwa kichwa. Ndipo akaichukua.