Mama Mkubwa wa Miaka Kumi na Minne

Siku ya kumi baada ya kuzikwa, dada mkubwa alirudi nyumbani saa nne asubuhi, na ndala mguu mmoja. Mama alikuwa uani anachambua mchele. Akamtazama juu mpaka chini, akamwambia asithubutu kukalia kochi jipya kabla hajaoga. Dada akaoga. Masizi hayakutoka, basi yakatandikwa magazeti kwenye kochi, mambo yakaisha.

Aliyefurahi kupita wote ni Kitindamimba, wa miaka minane. Alikuwa amelia mpaka sauti ikamkauka, na sasa dada yuleyule anamsuka huku akimwambia ana kichwa kama boga. Mama naye aling'oa makomeo yote ya nyumba, hata la chooni. Tangu hapo aliyeingia chooni aliimba mpaka atoke, na mjomba mmoja asiyejua nyimbo alisoma namba za simu.

Dada alisimulia mambo yalivyokuwa bila kununa. Matroni alikuwa akifunga bweni la shule kwa nje kwa kufuli, maana wasichana walitoroka kwenda kutazama mpira. Jioni ile alikwenda na ufunguo harusini kwa shoga yake. Moto ulipoanza, yeye alikuwa anacheza.

Ripoti ya kamati iliyochunguza moto ikasema mlango ulikuwa wazi, na kwamba wasichana kumi na tisa walizembea kutoka. Baba aliposikia hilo neno kuzembea alivaa suti, akamshika dada mkono, Kitindamimba akafuata nyuma. Mwenyekiti aliwapokea vizuri sana. Akampa dada pole na soda, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaeleza taratibu kwamba shahidi lazima awe hai siku anayotoa ushahidi.

"Mngemleta wiki tatu nyuma," alimwambia baba, "tusingekuwa na shida yoyote."

Baba hakuivaa tena ile suti. Iliniuma hata mimi ninayesimulia, sembuse yeye.

Miaka ikayoyoma. Kitindamimba akawa fundi cherehani, akaolewa, akapata binti. Dada akabaki palepale kwenye kumi na minne, hana mvi wala shughuli. Binti naye akamfikia umri, lakini adabu ni adabu: kila asubuhi alimwamkia, "Shikamoo, mama mkubwa," dada akaitikia marahaba kwa maringo, halafu wakaanza kugombania kitana.

Ndipo binti akapangiwa shule ileile. Kitindamimba alishona suruali ya mteja miguu mitatu kwa mawazo. Akahangaika kumhamisha, nafasi hakuna popote. Akaenda kwa mwalimu mkuu mpya, mtu mcheshi, akaonyeshwa bweni jipya lenye vigae, feni, na kufuli kubwa kama mkate.

"Hili hata msumeno haulikati," mwalimu mkuu alijisifu.

Kitindamimba akamweleza habari za dada yake.

"Nazijua, mama. Lakini watoto wanatoroka, tufanyeje?"

Siku ya kuripoti, Kitindamimba alinunua magodoro mawili. Matroni wa sasa akakagua sanduku na ndoo, akampa binti kitanda namba saba, akauliza godoro la pili ni la nani. Akaambiwa la mama mkubwa. Akamtazama dada, akasema sawa, mradi asizibe njia. Dada akalitandika ndani, karibu na mlango.

"Utaweza kulifungua kufuli?" Kitindamimba alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Siwezi. Kufa hakukunisaidia kitu kwenye hilo."

"Sasa utafanya nini, dada?"

"Nitapiga kelele. Siku ile tulichelewa kuanza, tulidhani kuna mtu anachoma takataka. Safari hii nitawahi."

Akaanza jioni hiyohiyo, mara tu kufuli lilipofungwa, na hajakosa hata siku moja. Matroni, ambaye usingizi wake ni mwepesi, aliandika barua ofisini kuomba pamba ya kuziba masikio. Ofisi ikamnunulia.