Vidonge vya Vumbi

Vumbi la Sahara lilipovuka bahari na kutua Barahona, mji wa pwani ya Karibi, Casimiro na jirani yake Ulpiano walipiga chafya mpaka mbavu zikawauma. Zahanati iliwapa vidonge vya mzio vya aina moja, bila maelezo, kama kuku wanavyotupiwa mahindi. Wakubwa ndivyo walivyo: ukifa, kosa ni lako.

Lakini Ulpiano alikuwa na mke, Nereida, naye aliisoma kwa sauti karatasi ya ndani ya boksi. Casimiro, aliyefiwa na mkewe mwaka uliopita, aliwasikia akiwa juu ya ngazi, akigongomea mabati kabla ya msimu wa vimbunga.

"Vinaleta usingizi! Leo huendeshi pikipiki, na hiyo ramu naimwaga."

"Mke wangu, tone moja tu!"

"Tone la kukuzika? Lete ufunguo, mzee mkaidi wewe!"

Ulpiano alinung'unika huku akicheka. Casimiro akamwonea wivu. Na yeye alimeza kidonge chake asubuhi, kope zilikuwa nzito kama risasi, wala hakuna aliyempokonya kitu. Nyundo ikamponyoka, ikaanguka uani.

Nereida akainua macho. "Shemeji Casimiro! Nawe umemeza vile vidonge? Shuka sasa hivi, usije ukavunjika shingo!"

Casimiro alijua inampasa ashuke. Lakini tangu afiwe hakuna mwanamke aliyemfokea, basi akaishika ngazi kwa mikono miwili, akasubiri amfokee tena.