Kikombe cha Mwalimu Bora

Mama Rangi alikibamiza kikombe juu ya meza ya meneja wa rasilimali watu mpaka kalamu zikaruka.

“Kichukue! Kanywee chai!”

Kikombe chenyewe cha shaba, kimechorwa maneno Mwalimu Bora wa Kampuni. Alikabidhiwa Jumatatu kwa makofi na picha. Ijumaa akaitwa, akaambiwa kitengo cha kuchanganya rangi kinafungwa na kazi yote inahamia tawi la ng’ambo. Mafundi wake wanne na yeye mkuu wao, wote nje. Jamani, hata vumbi halijatua juu ya kikombe!

Na tawi hilo nani alilifundisha? Yeye huyo huyo. Mwaka mzima, kila asubuhi, alikaa mbele ya kompyuta akiwaonyesha wa kule namna ya kuipata rangi ya mteja kwa jicho: tone la nyeusi, acha ikauke, itazame dirishani, si chini ya taa. Meneja naye akimvisha kilemba cha ukoka: “Kampuni ni familia moja, mama. Hakuna atakayepoteza kazi kwa kumfundisha mwenzake.”

Babu Brashi, fundi mkongwe wa kitengo, aligoma. “Siri ya kijivu changu? Thubutu!” Mama Rangi ndiye aliyembembeleza, akamwapia, mpaka mzee akalegea akafundisha. Hilo ndilo lililomchoma roho.

“Uamuzi ni wa makao makuu,” meneja alisema. “Mimi natumwa tu.”

“Na ile ahadi, ulitumwa pia? Mwongo mkubwa we!”

Meneja akatazama saa yake.

Mama Rangi alirudi kitengoni. Babu Brashi alikuwa anafunga brashi zake kwa kamba. Hakumlaumu. “Tafuta boksi, mwanangu,” alisema tu. Heri angemtukana.

Simu ikaita. Alikuwa binti wa tawi la ng’ambo, mwanafunzi wake hodari kuliko wote.

“Dada! Nina furaha, sikuambii!”

Mama Rangi alitaka kumporomoshea matusi. Akajizuia. Binti wa watu hajui lolote.

“Kulikoni?”

“Kuna tawi jipya linafunguliwa, mbali huko, na sisi ndio tumechaguliwa kuwafundisha. Kila asubuhi, kwa kompyuta. Meneja wetu anasema kampuni ni familia moja.”

Mama Rangi aliketi juu ya debe la rangi. Babu Brashi akaiacha kamba yake.

“Mdogo wangu, kikombe wameshakupa?”

“Bado, mpaka mwisho wa mwaka. Umejuaje, dada?”

Mama Rangi aliongeza sauti ya simu, akaiweka mezani, mzee naye asikie.

“Waite wenzako wote,” alisema. “Kuna somo moja sikuwafundisha.”