Filamu Tano za Mulama

Imran alipobandika karatasi ile ya manila ukutani mwa duka lake, hakujua ingewakosanisha watu wawili waliokaa pamoja miaka thelathini na moja. Yeye alitaka tu wateja wachangamke. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja karibu na ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, kompyuta mbili na nyaya zilizojisokota kama tambi, na kazi yake ilikuwa kuwatilia watu muvi kwenye flashi. Juu ya karatasi aliandika kwa kalamu nene: TAJA MUVI TANO KALI ULIZOONA MIAKA MITANO ILIYOPITA. ANZA NA NAMBARI MOJA. USIOGOPE.

Watu waliandika, wakafuta, wakatukanana kwa mapenzi. Habari ikamfikia Mulama alipokuwa ameketi nje akiota jua.

"Mama Job," akamwita mkewe, "toa daftari. Tuna kazi."

Warigia alikuwa kwenye cherehani mlangoni, akishona pindo la sketi ya shule. Akacheka. "Wewe nawe! Hata wewe utapanga muvi?"

"Kwani mimi sijaona muvi?"

Hakusema kwa uchungu. Neno hilo, kuona, lilikuwa limebaki kinywani mwake hata baada ya macho kwenda. Zamani Mulama alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kule Kariobangi, na mageti yake bado yamesimama mitaa yote ya Eastlands. Halafu presha ya macho ikamjia polepole. Alisema ni kama mtu anayemvutia pazia, upande huu na upande ule, mpaka ukabaki ufa mmoja katikati. Mwanzoni mwa mwaka wa elfu mbili na ishirini ufa ukafunga.

Mwaka huo wote walikuwa ndani kama watu wengine. Warigia alinunua televisheni kuukuu ili nyumba isiwe kimya mno, akaanza kumweleza mumewe yaliyokuwa yakipita. Mwanzoni hakuijua kazi. "Sasa wanatembea," angesema. "Sasa wamesimama."

"Wamesimama vipi?" Mulama angeuliza. "Mtu husimama kwa njia mia."

Basi akajifunza. Alikuwa mshonaji, jicho lake lilizoea kitambaa na mshono, kwa hiyo alianzia hapo: huyu amevaa koti lililombana makwapani, yule kola yake imefifia kwa kufuliwa mara nyingi, huyu anashika upindo wa kanga akitaka kusema uongo. Mulama angetulia, kichwa ameinamisha upande wa sauti yake, na uso ukamfunguka. Kwa filamu za Kiswahili na Kiingereza alijisikilizia maneno mwenyewe. Lakini zile za Wakorea, ambazo Warigia alizipenda kupita kiasi, maneno yalipita chini ya kioo kwa maandishi, na hapo Mulama hakuwa na mlango mwingine ila mkewe.

Siku hiyo walianzia chini kwenda juu. Nambari tano ikawa ya Kihindi, ya harusi iliyokwama kwa mafuriko, bibi harusi upande huu wa mto na bwana harusi upande ule. Ya nne walibishania robo saa nzima. Warigia alitaka ile ya Wanaijeria, ya dada wawili wanaogombania tanuri la mikate. Mulama alitaka ya mpelelezi aliyefuga bata.

"Ile ya bata ulilala katikati!"

"Nililala kwa sababu nilikuwa nimeshamjua muuaji."

Bata akashinda. Wale dada wakapanda hadi nambari tatu, kama fidia. Ya pili ilikuwa ya hapa hapa Nairobi, ya mwanamke mstaafu anayefundisha ndondi, na hiyo haikuwa na ubishi.

"Na nambari moja," Mulama akasema, akivuta pumzi kama mtu anayetaka kuomba dua, "nambari moja ni *Fundi Viatu wa Stesheni*. Andika kwa herufi kubwa."

Kalamu ya Warigia ikasimama.

Filamu ile waliitazama mwaka wa elfu mbili ishirini na moja. Wakati huo mtoto wao wa pekee, Job, alikuwa na mwaka mmoja na nusu huko Ghuba, Uarabuni, kwenye kazi za ujenzi, na alikuwa hajapiga simu miezi mitano. Nambari yake haikuingia. Wakala aliyempeleka alihama ofisi. Mulama hakuzungumzia jambo hilo. Aliuliza tu kila asubuhi kama simu ina chaji.

Ndipo wakatazama hadithi ya mzee wa Kikorea anayeshona viatu nje ya stesheni ya treni. Mwanawe amekwenda mjini na kupotea. Mzee anamshonea jozi ya viatu kwa kukisia ukubwa wa mguu wake, na kila treni inapoingia anasimama navyo mkononi. Mwishoni anashuka mtu mwingine kabisa, rafiki wa yule kijana, akiwa amebeba begi dogo. Kijana alikuwa amekufa kiwandani miaka miwili iliyopita. Warigia aliyasoma maandishi hayo. Akamtazama mumewe, aliyekuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Ni nani ameshuka?" Mulama aliuliza. "Mama Job, ni nani?"

"Ni yeye," Warigia akasema. "Ni kijana wake. Amekonda, lakini ni yeye. Anavivaa viatu. Vinamtosha."

Mulama alilia siku ile, akalala kama mtoto. Miezi miwili baadaye Job alipiga simu, akasema simu yake iliharibika na mambo yalikuwa mengi, na tangu hapo hupiga kila Jumapili. Warigia alijiambia kwamba uongo wake haukumdhuru mtu. Sasa akaandika jina la filamu kwa herufi kubwa.

Kesho yake asubuhi alimwongoza Mulama hadi dukani, mkono wa mumewe begani mwake. Palikuwa na wateja watatu na Afnan, dadake Imran, msichana wa chuo kikuu aliyemsaidia kaka yake siku asizokuwa na masomo.

"Niaje, Mzee Mulama!" Imran akasema. "Umeleta list? Haya, toboa."

Mulama hakungoja kusomewa. Alisimama katikati ya duka na kuzitaja moja moja, akieleza sababu, na watu wakamsikiliza kwa sababu alijua kusimulia. Alipofika ya kwanza, sauti ikamshuka. Akawaeleza mzee na viatu na treni zinazopita. "Na mwisho kijana anashuka," akasema. "Anavivaa pale pale sakafuni pa stesheni. Vinamtosha! Baba hakumpima, lakini vinamtosha. Hiyo ndiyo sinema."

"Eh, Mzee," Afnan akasema, akicheka bila ubaya, "hiyo nimeiona mara mbili. Kijana si alikufa? Anayeshuka ni rafiki yake."

"Umekosea, binti yangu. Mke wangu ndiye aliyekuwa akitazama. Mimi sina macho, lakini yeye anayo."

Afnan akainua macho, akamtazama Warigia, na alichokiona usoni kikamtosha. "Labda ni mimi," akasema haraka. "Labda nimechanganya na nyingine. Hizi za Kikorea zinafanana."

Lakini Mulama aliishi kwa sauti za watu. Alisikia sauti ya msichana ikigeuka, ikawa laini ghafla, kama ya mtu anayezungumza na mgonjwa. Akakunja mdomo. Akaomba radhi kwa kuwapotezea muda, akatoka. Njiani mkono wake haukuwa begani mwa Warigia. Alitembea na fimbo yake, hatua mbili nyuma.

Nyumbani hakuketi.

"Kijana alishuka, ama hakushuka?"

"Hakushuka, Baba Job."

"Alikufa?"

"Alikufa."

Mulama akatikisa kichwa mara kadhaa, taratibu. "Na zingine? Umenibadilishia ngapi?"

Warigia alitaka kusema hakuna, lakini hakuwa na nguvu ya kujenga uongo juu ya uongo. "Mbili. Kuna mbwa aliyekufa. Na kuna ile ya mama na bintiye, hawakupatana."

"Mbwa pia," Mulama akasema. "Hata mbwa, Warigia."

Hakumwita Mama Job. Hilo lilimchoma kuliko kama angepiga kelele.

"Nilikuonea huruma," akasema. "Job alikuwa hajulikani aliko. Ningekuambiaje?"

"Ungeniambia kama ulivyoona. Mimi nimefungiwa mlango mmoja na Mungu. Huo sikuweza kuupinga. Huu mwingine ni wewe umeufunga, na ufunguo ukaufutika kiunoni." Akaipapasa meza mpaka akapata kiti. "Nimesimama mbele ya watoto wa watu nikieleza kitu ambacho hakipo. Lakini hata si hilo. Wewe ulijua kijana amekufa, na Job hajapiga simu, na ukakaa na hofu hiyo peke yako, kana kwamba huna mume."

Warigia hakuwa amelifikiria hivyo. Alikuwa amedhani anambebea mzigo. Hakujua kwamba alikuwa akimnyima sehemu yake.

Siku nne televisheni haikuwashwa. Mulama alisikiliza redio, akala, akashukuru kwa chakula, akaongea mambo ya maji na umeme. Warigia alishona. Jambo lililomshangaza ni jinsi alivyokosa kazi ile ya kusimulia: aliona mwanamke akipita na mwavuli uliovunjika ubavu, akaona mtoto aliyevaa sweta la nduguye likimfika magotini, akajikuta anayapanga maneno kichwani, halafu hana wa kumpa.

Jumamosi mchana Afnan akabisha hodi, flashi mkononi, macho chini. "Mama Job, nimekuja kuomba radhi. Na Mzee alimtuma mtu kwa Imran. Anataka ile muvi."

Warigia akageuka. Mulama alikuwa tayari amevuta kiti chake mbele ya kioo.

"Weka," akasema. "Na useme yote. Afnan, kaa nawe, mwanangu. Chai ipo."

Basi wakaitazama upya. Warigia alisimulia kwa makini kuliko siku zote. Treni ya mwisho ilipoingia, Mulama akanyoosha mkono hewani mpaka akaupata wa mkewe.

"Nani ameshuka?"

"Rafiki yake. Kijana mfupi, amevaa jaketi la kiwanda, nembo imekatwa kifuani, nyuzi zinaning'inia. Amebeba begi dogo la kitambaa. Mzee anamtazama miguu kwanza. Hatazami uso. Anaitazama miguu. Sasa ameelewa."

"Anafanya nini?"

"Hafanyi kitu. Ameinama. Anamfungua huyu rafiki kamba za viatu vyake vibovu, anamvua. Anamvalisha vile alivyoshona."

"Vinamtosha?"

"Hapana. Ni vikubwa. Anachukua karatasi, anaisokota, anaitia mbele ili mguu usichezecheze."

Mulama alilia, na Afnan pia, na chai ikapoa. Baada ya muda mrefu Mulama akajipangusa uso kwa mkono wa shati.

"Hawa watu ni mafundi," akasema. "Hiyo karatasi! Wewe ulinificha karatasi, Mama Job." Warigia alisikia jina lake limerudi, akashusha mabega. "Lete daftari. Nambari moja iache palepale. Lakini pembeni uandike: *kama alivyosimulia Warigia*. Ilinivusha miezi miwili, siwezi kuitupa. Ya hawa Wakorea weka nambari mbili. Mwalimu wa ndondi ashuke, na wengine wote washuke hatua moja."

"Basi harusi ya mafuriko inatoka," Afnan akasema.

"Itoke. Walikuwa wanaimba mno." Kisha akamgeukia mkewe. "Ila kutoka leo, hata kama ni nzi amekufa, nataka kumjua."

Kesho yake Job alipiga simu baada ya kanisa, kama kawaida. Warigia akaiweka simu mezani, spika ikiwa imefunguliwa. Wakasalimiana, wakaulizana hali ya hewa, na Job akasema yuko salama, kazi ni sawa, kila kitu ni sawa.

"Job," Mulama akasema. "Ile miezi saba. Ulikuwa wapi?"

"Si niliwaambia, Baba. Simu iliharibika."

"Hapana. Niambie kama ilivyokuwa. Mama yako yuko hapa. Tumekaa."

Warigia akasogeza simu karibu, akidhani laini imekatika. Halafu sauti ya Job ikarudi, ndogo, ya Kaloleni ya utotoni. Alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Mguu ulivunjika mahali pawili. Alilala hospitali, akafanyiwa upasuaji mara tatu, na vitu vyake vyote vilipotea. Alipopona hakuwa na ujasiri wa kuwaambia, kwa sababu Baba alikuwa bado anazoea kukosa macho, na Mama alikuwa na mengi.

Warigia alijiziba mdomo. Mulama hakutikisika.

"Mguu upi?"

"Wa kushoto."

"Unachechemea?"

"Kidogo, Baba."

"Kidogo ni kiasi gani? Uko kwenye chumba cha sakafu ngumu?"

"Ndiyo, ya vigae."

"Weka simu chini. Vaa viatu, utembee kutoka ukutani hadi ukutani. Nataka kukuona."

Wakasikia simu ikigusa sakafu. Kisha zikaja hatua, moja nzito, moja nyepesi inayoburuta kidogo mwishoni, zikienda mbali, zikigeuka, zikirudi. Mulama aliinamisha kichwa upande wa simu, na midomo yake ikawa inahesabu. Warigia alimsogelea, akaketi ubavuni pake kwenye kiti kilekile, nusu yake ikiwa nje.

"Tena," Mulama akasema kwa sauti ya juu, ili mwanawe amsikie. "Polepole, baba. Hatuna haraka."