Manjano ya Mgeni

Mama Mkubwa ndiye aliyekuwa mpishi wa mkahawa wa familia tangu alipoolewa, na mchuzi wake wa maharage uliwavuta watu hata wa mitaa ya mbali. Ndipo shemeji yake, mdogo wa mumewe, akarudi kutoka ng'ambo na mke. Mke huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Mgeni, alikuja na mizizi ya manjano, kiungo cha mchuzi, ndani ya kitambaa, akaipanda nyuma ya jiko. Hapo mtaani hakuna aliyewahi kuiona.

Siku Mgeni alipopika kwa mara ya kwanza, fundi viatu, mteja wa miaka mingi, alilamba sahani.

"Mama Mkubwa, leo umepatia!"

"Si mimi, ni Mgeni," alijibu Mama Mkubwa.

"Basi aliyepika asituache."

Maneno yale yalimkata maini. Tangu hapo wateja wakawa wanachungulia sufuria kwanza. Mchuzi usipokuwa wa njano, wanauliza Mgeni yuko wapi. Hata mume wa Mama Mkubwa alichovya mkate mara ya pili, kisha mkewe alipomtazama akajifanya anakohoa.

Mchana mmoja, Mgeni akiwa sokoni, Mama Mkubwa alishika jembe, akaing'oa mizizi yote na kuitupa nje ya ua. Vidole vikageuka njano. Alivisugua kwa majivu, sabuni, ndimu, wapi! Mgeni aliporudi alitazama tuta tupu, akatazama vidole vile.

"Pole kwa kazi, dada," alisema tu, akaenda kuosha vyombo.

Heri angemtukana.

Majirani nao hawakuacha kitu kizuri kioze. Waliiokota mizizi ile, kila mmoja akapanda kwake. Baada ya misimu kadhaa kila jiko la mtaa lilinukia manjano, na watoto walidhani mchuzi umekuwa wa njano tangu dunia iumbwe. Mama Mkubwa naye alijifunza kuyapika, kwa kuchungulia tu, maana kuuliza hakuweza.

Siku moja muuza mkaa alikaa mkahawani akijigamba: "Manjano haya asili yake ni kwa bibi yangu. Sisi ndio wenyewe."

Mama Mkubwa alipiga mwiko mezani. "Bibi yako gani? Kayaleta mke wa shemeji yangu, huyu hapa!"

Mgeni aliinua macho kutoka kwenye vitunguu, akatabasamu. Fundi viatu akampigia Mgeni makofi, wateja wote wakafuata. Mama Mkubwa alibaki kasimama na mwiko wake, roho inamuuma upya, akitamani angeyameza maneno yake.