Kiraka Bora wa Daska

Kanuni ile niliitunga mwenyewe, sitamsingizia mtu. Fainali ya kriketi, ova arobaini za mipira sita sita, dhidi ya Sambrial ilikuwa imebaki wiki moja. Nafasi ya kiraka, yule anayepiga na kurusha pia, ilikuwa moja tu, na tulioitaka tulikuwa wawili: mimi na Tanveer, mume wa dada yangu. Nimeichezea klabu yetu ya Daska miaka kumi na moja bila kucheza fainali hata moja. Niliitaka nafasi ile kuliko chakula.

"Shemeji, wewe unapiga kidogo, unarusha kidogo," Tanveer alisema, mdomo umejaa pakora, zile bajia za mpishi wetu. "Kama chai ya msibani. Ipo, lakini nani anaifurahia?"

"Na wewe unarusha mpaka wapinzani wanakuombea maisha marefu."

Ndipo nikaleta hesabu. Chukua wastani wa mikimbio, yaani pointi, anayopata mtu kila anapotolewa, kisha uondoe wastani wa mikimbio anayowapa wapinzani kwa kila wiketi anayoangusha, yaani kila mpigaji anayemtoa. Kinachobaki ndiyo thamani yake. Nilikuwa nimeshaipiga nyumbani, kimyakimya: mimi saba, Tanveer tano. Nikamwomba nahodha wetu, Mudassar, tuape mbele ya wote kwamba atakayeongoza kitabuni, awe nani, ndiye atakayecheza. Tukaapa. Hata mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaapa.

Mwalimu Inayat, mstaafu wa hisabati anayetunza kitabu cha klabu, alipitia kila jina. Kesho yake akavua miwani mbele yetu.

"Wa kwanza ni Ghafoor."

"Ghafoor yupi?" nikauliza.

"Wa pakora."

Mzee Ghafoor, mpishi wetu, ana miaka sitini na miwili na goti moja bovu. Mwaka jana wenzetu watatu walikuwa harusini, akatolewa jikoni kuziba nafasi. Alipiga mpira mmoja. Ukagusa ukingo wa gongo, ukateleza hadi mpakani. Mikimbio minne, na hakutolewa. Kisha akarusha mpira mmoja. Mpigaji wa mwisho alikuwa anaicheka aproni yake, akaukosa, vijiti vikaanguka, mechi ikaisha. Hajacheza tena.

"Nne gawanya kwa sifuri, maana hajawahi kutolewa," alisema Mwalimu. "Kisha toa sifuri. Huyu hana kikomo, mwanangu."

"Mwalimu, huyu ni mpishi."

"Kitabu hakijui mapishi. Na uliapa."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Tanveer alicheka mpaka akalala kwenye nyasi. Mimi nililia, sioni haya kusema, nimejifunika taulo.

Siku ya fainali nilibeba maji. Mzee Ghafoor alikataa katakata kurusha.

"Niharibu wastani wangu kwa nini?" alimwambia nahodha. "Una watu kumi wenye kikomo. Watumie hao."

Akaenda kusimama mbali na mpira, akiwashauri mashabiki wa Sambrial namna ya kukaanga kitunguu. Lakini kupiga hakukukwepeka. Wiketi yetu ya tisa ilianguka ukiwa umebaki mpira mmoja, tukihitaji mikimbio miwili kushinda. Akaingia yeye, mpigaji wetu wa mwisho, akichechemea, akashika goti, akaomba mtu wa kukimbia badala yake. Sambrial wakakubali huku wanacheka.

"Nipeni Iftikhar," alisema, akininyooshea gongo. "Ana hasira, atakimbia."

Nikasimama pembeni yake, na shetani akaja na hesabu yake. Nikikawia hatua moja tu, vijiti vitagongwa kabla sijafika, na atakayehesabiwa ametolewa ni Ghafoor. Wastani wake hautafika hata sita, thamani yake itashuka chini ya saba, na mimi nitakuwa wa kwanza Daska nzima. Kombe litakwenda Sambrial, maana kwa kanuni za mashindano hata sare ni yao, lakini makombe yapo kila mwaka.

"Mwanangu," mzee alininong'oneza bila kunitazama, "mpaka huku nasikia unavyopiga hesabu. Kimbia unavyotaka."

Alifumba macho, akapiga. Mpira ukaenda upande ambao hakuna aliyeutarajia, naye akiwemo. Nikakimbia wa kwanza. Nilipogeuka kwa wa pili, mtu wa Sambrial alikuwa ameshauokota, na dada yangu alikuwa anaita jina langu kwa sauti ambayo mumewe hajawahi kuisikia. Miguu haikuniuliza. Nilijirusha kifudifudi, jino likabaki uwanjani, na vijiti vikagongwa nikiwa nimeshafika.

Wakambeba Mzee Ghafoor mabegani. Huko huko juu akatangaza kwamba anastaafu kriketi, bila kutolewa hata mara moja maishani, na hakuna wa kumfikia tena.

Nikamfuata Mwalimu Inayat, damu bado mdomoni.

"Mwalimu, ile miwili nimekimbia mimi."

"Najua, mwanangu. Nilikuona. Ulikimbia vizuri sana."

Akafungua kitabu, akalowesha kalamu ulimini, akaandika miwili mbele ya jina la Ghafoor.